Mikono ya Sanitariuszka

Kipolandi kina neno lake kwa msichana anayeuguza kwenye mstari wa mbele: sanitariuszka. Filamu za vita za Polandi zimejaa wasichana hao, na watazamaji huwapenda kwa ushujaa wao na kwa mapenzi yao yaliyokatizwa na risasi. Mimi nataka kuwasifu kwa jambo jingine. Walijua kazi.

Mwaka 2014, miaka 70 baada ya Maasi ya Warsaw dhidi ya Wajerumani, Jan Komasa alitoa filamu ya Miasto 44. Ndani yake Zofia Wichłacz anaigiza Alicja, ambaye jina lake la siri ni Biedronka, yaani yule mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi. Kuna tukio moja humo lisilosahaulika: kifaru kilichotekwa kinalipuka katikati ya umati unaoshangilia, na damu inanyesha kama mvua. Mlipuko huo ulitokea kweli, Mtaa wa Kiliński, tarehe 13 Agosti 1944, na ukaua mamia. Mtazamaji anaweza kubaki ameduwaa mbele ya mvua ile. Muuguzi hana nafasi ya kuduwaa, maana lazima aamue aanze na nani. Anayepiga mayowe bado ana pumzi. Aliyenyamaza pale ukutani ndiye wa kukimbiliwa.

Damu ya mshipa mkuu wa paja haisubiri. Muuguzi huibana kwanza kwa kiganja, kwa uzito wa mwili wake wote, kisha ndipo atafute cha kufungia. Bandeji nayo ina adabu yake. Ikikazwa mno, damu haifiki vidoleni na kiungo kinakufa. Ikilegea, machela ikitikisika mara mbili tu imeshateleza na kidonda kiko wazi. Huanzia chini ya jeraha ikipanda, kila mzunguko ukilalia sehemu ya ule uliotangulia, na fundo hukaa kando, si juu ya kidonda. Akimaliza, anagusa vidole vya majeruhi. Vina joto? Rangi imerudi? Yote haya msichana aliyafanya akiwa amepiga magoti kwenye vifusi, huku akitupia jicho paa la jengo la mbele ambako huenda mdunguaji amejificha.

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Warsaw ilikuwa na Shule ya Wauguzi tangu 1921, na katika miaka ya utawala wa Wajerumani jeshi la siri la Wapolandi, Armia Krajowa, liliwafundisha wasichana huduma ya kwanza kwa kificho, vikundi vidogo vidogo. Hapo ndipo ninapopenda kuwawazia kuliko popote pengine: chumbani, mapazia yameshushwa, wanafungana bandeji wao kwa wao, wanafungua, wanafunga tena, mpaka vidole vijue njia gizani.

Na giza likaja. Maasi yalianza tarehe 1 Agosti 1944 na yakadumu siku 63. Hospitali zilihamia vyumba vya chini ya majengo. Shuka zilichanwa, bandeji zikafuliwa, zikachemshwa na kutumika tena. Madaktari walipasua kwa mwanga wa mshumaa, na mara nyingi aliyeushika ni msichana yule yule aliyekuwa akibeba machela mchana kutwa. Wapiganaji wa Mji Mkongwe walipotoroka kupitia mifereji ya majitaka mwanzoni mwa Septemba, majeruhi mahututi hawakuweza kupita humo. Wako wauguzi waliokataa kuwaacha. Tarehe 2 Septemba Wajerumani waliingia hospitali ya Mtaa wa Długa namba 7 wakawaua majeruhi vitandani mwao.

Andrzej Wajda alitupeleka ndani ya mifereji ya majitaka ya Warsaw mwaka 1957, katika filamu yake Kanał. Stokrotka wa humo ni kiongozi wa njia, hana cheo cha uuguzi, lakini anamkokota Korab aliyejeruhiwa hadi kwenye mdomo wa mfereji unaotazama mto Vistula. Kumbe umezibwa kwa nondo. Anamsihi asifumbue macho. Yeyote aliyewahi kumuuguza mtu anayekata roho anaifahamu sauti ile.

Nina lalamiko moja tu kwa waandaaji wa filamu hizi. Kamera zao hukimbilia uso: chozi, vumbi shavuni, macho yanayong'aa. Ningependa zikae mikononi kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu huko ndiko roho ya mtu iliamuliwa.

Ludwika Nitschowa alipochonga sanamu ya Nguva wa Warsaw, nembo ya jiji, aliyekuwa kielelezo chake ni mshairi Krystyna Krahelska. Sanamu ilisimamishwa kando ya Vistula mwaka 1939. Miaka mitano baadaye, siku ya kwanza kabisa ya maasi, Krahelska alikuwa sanitariuszka kwa jina la siri la Danuta. Alipigwa risasi akiwa anamwendea mwenzake aliyejeruhiwa, akafariki tarehe 2 Agosti akiwa na miaka 30. Nguva wake angali pale mtoni hadi leo. Mkono mmoja umeshika ngao, wa pili umeinua upanga.