Kamusi ya Mistari ya Mwanga: Uhakiki wa HITRAN

Katika mji wa Goma, neno «mazuku» hutaja mabonde na mashimo ambamo kabonidioksidi itokayo ardhini hutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikaua mifugo na watu bila rangi wala harufu ya kuwaonya. Neno hilo limepokewa na wataalamu wa volkeno wa mataifa mbalimbali. Inafaa basi kuuliza kama marejeo yanayotumiwa kuitambua gesi hiyo kwa mwanga yanatosheleza haja ya mahali neno lilipozaliwa.

Molekuli hufyonza mwanga katika sehemu maalumu, na mpangilio wa mistari inayotokea huitambulisha gesi kama sauti inavyomtambulisha msemaji. Katika infraredi ya karibu, yaani mwanga usioonekana unaofuata mwekundu, kabonidioksidi hujidhihirisha karibu na mikromita 1.6 na 2.0, methani 1.65, na mvuke wa maji 1.38. Oksijeni ina kundi mashuhuri la mistari kwenye 0.76, mpakani mwa eneo hilo. Nitrojeni, ijapokuwa ndiyo sehemu kubwa ya hewa, ni karibu bubu: mistari yake ni dhaifu mno.

HITRAN ilianzishwa katika miaka ya 1960 kwenye maabara ya Jeshi la Anga la Marekani, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1973 ikiwa na gesi 7. Toleo la 2020 lina molekuli 55. Siku hizi hutunzwa na kituo cha elimu ya nyota cha Harvard na Smithsonian, Cambridge, Massachusetts, na kila ajiandikishaye huipata bila malipo.

Anayeiendea mara ya kwanza hutafuta mchoro wa spektra, akakuta tarakimu. Tangu toleo la 2004, kila mstari wa mwanga umepewa herufi na tarakimu 160: mahali pake, nguvu yake, upana wake ndani ya hewa, upana wake gesi inapokuwa peke yake, na mengineyo. Wengi huiona hali hii kuwa upungufu. Hata hivyo, kamusi hailaumiwi kwa kutokuwa hadithi: mtumiaji hupewa vidahizo, naye hutunga spektra kulingana na halijoto, kanieneo na mchanganyiko alio nao.

Ubora huo huonekana ukilinganishwa na mkusanyo wa maabara ya PNNL ya Marekani, wenye michoro iliyopimwa tayari. Michoro hiyo ni safi, lakini gesi ilichanganywa na nitrojeni kwa kanieneo moja la angahewa, na kipimo hukomea karibu na mikromita 1.54. Oksijeni na mvuke wa 1.38 havimo. Tena Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, ambako kanieneo limepungua kwa takriban sehemu moja ya sita.

Tatizo kubwa zaidi ni wingi wa gesi yenyewe. Kabonidioksidi inapokuwa nyingi, molekuli zake hugongana zenyewe kwa zenyewe, mistari hupanuka kuliko ndani ya hewa, na vilele vyake hushuka. Apimaye kilele kwa kutumia upana wa hewa tupu ataikadiria gesi kuwa pungufu kuliko ilivyo. Penye mazuku, kosa la namna hii huelekea upande wa mauti. HITRAN inazo tarakimu za kuliepuka. Mchoro mmoja uliokwisha kutengenezwa hauzitoi.

Kasoro hazikosekani. Tarakimu zilizopimwa na zilizokokotolewa zimewekwa pamoja, na alama zinazoonyesha kiasi cha mashaka ya kila moja hupuuzwa kwa urahisi. Aidha, thamani hubadilika toleo hata toleo, ilhali watumiaji wengi hutaja jina la kazi bila mwaka wake. Mwanaisimu anaijua hasara hiyo: neno lililonukuliwa bila toleo la kamusi haliwezi kuhakikishwa.

Kwa jumla, HITRAN ni marejeo ya kutegemewa kwa gesi za kawaida, mradi asomaye aeleze toleo, halijoto, kanieneo na kiasi cha gesi. Spektra isiyo na maelezo hayo ni neno lisilo na sentensi.