Mnada ulioshusha bei ya dawa New Jersey

Jimbo la New Jersey, Marekani, huwalipia dawa watumishi wake wa umma, walimu, wastaafu na familia zao, ambao mwaka 2017 walikuwa watu wapatao 800,000. Fedha hazitoki serikalini kwenda moja kwa moja duka la dawa. Katikati ipo kampuni inayosimamia mafao hayo: inapatana bei na maduka, inadai marejesho viwandani, kisha inaiandikia serikali ankara. Mwaka 2017 jimbo hilo lilibadili namna ya kuipata kampuni hiyo.

Zabuni za aina hii kwa kawaida hujaa asilimia: punguzo hili kwa dawa jenereki, lile kwa dawa zenye nembo. Kuzilinganisha ni kazi bure. Punguzo hukatwa kwenye bei ya orodha, ambayo aghalabu huwa mbali sana na kiasi ambacho duka lilinunulia dawa yenyewe. Tena kila kampuni huja na mkataba wake, na humo ndimo inamoamuliwa dawa ipi ihesabiwe jenereki. Dawa ikihamishwa kundi, punguzo lililoahidiwa halibadiliki kwenye karatasi, lakini mlipaji anatozwa zaidi. Kampuni inaweza pia kumlipa mfamasia kidogo, ikaidai serikali zaidi, na tofauti ikabaki kwake. Serikali haitaiona, kwa kuwa ankara haionyeshi mfamasia alilipwa ngapi.

New Jersey, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2016, iliendesha mnada wa kushindania kushusha bei. Serikali iliandika mkataba yenyewe, tafsiri za makundi ya dawa zikiwa zimefungwa, na kila mshindani akalazimika kuukubali kabla ya kutaja bei. Kisha programu ya kompyuta ikachukua kila zabuni na kuikokotoa juu ya madai halisi ya wanachama, dawa kwa dawa, hadi ikapatikana gharama ya jumla. Washindani wakaona walivyopangwa, wakapewa nafasi ya kushusha tena. OptumRx ikaishinda Express Scripts, iliyokuwa na kazi hiyo. Serikali ilikadiria kuokoa takriban dola bilioni 1.6 katika miaka 3, bila kupunguza mafao.

Wengi husifu mnada wenyewe. Kwa maoni yangu, mkataba ndio uliofanya kazi kubwa, pamoja na ukaguzi uliofuata, ambapo ankara za kampuni hulinganishwa na masharti kwa njia ya kompyuta. Pasipo ukaguzi huo, bei iliyopatikana mnadani ingevuja polepole bila mtu kugundua.

Njia hii ina mpaka wake. Bei ambayo kiwanda chenye hataza hujipangia haiguswi na mnada, na dawa mpya za saratani zitaendelea kuulemea mfuko. Hata hivyo, mwaka 2020 Maryland nayo ilipitisha sheria ya mnada kama huo kwa ajili ya watumishi wake.