Kidonge Cheusi

Mfinyanzi yeyote atakwambia: udongo uleule ukipata hewa tanurini hutoka mwekundu, ukinyimwa hutoka mweusi. Mafundi wa vidonge vya oksidi ya urani wameifanya hila hiyo kuwa kazi yao yote, na ndiyo maana nawavulia kofia.

Unga mweusi hushindiliwa kwenye kalibu mpaka uwe kipande kama cha chaki, ukikishika vibaya kinamomonyoka. Kisha huokwa kwa joto la nyuzi 1,700 hivi, ndani ya gesi ya haidrojeni. Hutoka kimenywea, kigumu, kizito kuliko macho yanavyokadiria, halafu ubavu wake husagwa mpaka upate kipimo. Urefu wake ni kama sentimita moja tu.

Adui ni oksijeni. Atomu moja ya urani inataka mbili za oksijeni. Zikizidi kidogo, umeme hupita kwa wepesi zaidi. Kidonge kikipashwa moto hewani, huvimba na kurudi kuwa unga. Mkemia Martin Klaproth, Berlin mwaka 1789, aliidhania oksidi hii kuwa metali yenyewe, na Eugène Péligot akaja kumsahihisha mwaka 1841. Simlaumu Klaproth, maana inang'aa kama metali. Hata mawe meusi ya mgodi wa Shinkolobwe, kule Katanga, kiini chake ni oksidi hiyohiyo. Huko tanuri lilikuwa ardhi.

Wengi huijua kama kuni ya vinu vya nyuklia. Lakini pia ni nusu-kipitishi, na watafiti wa Oak Ridge, Marekani, wamewahi kuijaribu katika daiodi na transista. Inavutia: silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414, hii huvuka 2,800. Tena, upande mmoja ukiwa na joto na mwingine baridi, huzaa umeme. Sitegemei kuiona ndani ya simu, kwa kuwa kuipata safi, bila oksijeni kupungua wala kuzidi, ni shughuli pevu.

Ninachokipenda zaidi ni cha zamani. Redio za Ujerumani za miaka ya 1930 zilikuwa na kizuizi kilichoitwa Urdox, kijiti cha oksidi hii ndani ya kichupa cha kioo. Nyuzi za taa za redio zikiwa baridi, umeme huzivamia na kuzikata. Kijiti baridi huubana umeme huo. Kikipata joto, hulegea polepole. Unawasha, unasubiri, taa zinakolea rangi, na mtangazaji anaanza kusikika.