Theluji Isiyo na Wenyeji

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway, Theluji za Kilimanjaro, ilitolewa mara ya kwanza katika gazeti la Esquire la Marekani mwezi wa Agosti 1936. Tangu hapo imesomwa na kufundishwa katika nchi nyingi, na kwa njia yake jina la mlima wetu limefika masikioni mwa watu wasiojua Moshi iko wapi. Wahakiki wamesema mengi juu ya theluji hiyo: kwamba ni usafi, kwamba ni mauti, kwamba ni kilele cha sanaa ambacho mwandishi mvivu hakukifikia. Maneno hayo si ya uongo. Walakini yameacha swali moja ambalo msomaji aketiye katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hawezi kulikwepa: theluji hii ni ya nani? Maana katika mtaa huo, kila mwaka ifikapo Desemba, maduka mengi hufungwa kwa kuwa wenyewe wamekwenda kwao, na kwao ni chini ya theluji hiyo hiyo. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba Hemingway alijua vema namna ya kuandika theluji yenye wenyeji, na kwamba alipoufikia mlima wa Kilimanjaro aliuweka ujuzi huo kando.

Kwa ufupi hadithi yenyewe ni hii. Harry, mwandishi aliyeoa mke tajiri na kuiacha kazi yake ilegee, amelala kambini katika nyika karibu na mlima. Mguu wake umepata donda ndugu kwa sababu ya mwiba uliopuuzwa. Gari limeharibika, ndege inangojwa, tumbusi wametua na fisi anazunguka. Akiwa katika hali hiyo anakumbuka mambo yote aliyokuwa ameyaweka akiba ili ayaandike siku moja, na ambayo sasa hatayaandika kamwe. Mwishoni anaota kwamba ndege imefika na kumchukua hadi kwenye kilele cheupe. Lakini mkewe anaamshwa na sauti ya fisi na kumkuta amekufa.

Miongoni mwa kumbukumbu hizo iko theluji nyingine, ya mbali, katika milima ya Austria. Hiyo Hemingway aliijua kwa kuishi ndani yake. Majira mawili ya baridi, ya 1924 hadi 1925 na ya 1925 hadi 1926, yeye na mkewe Hadley na mtoto wao mdogo walikaa katika kijiji cha Schruns, kwenye Hoteli ya Taube. Habari za makao hayo aliziandika uzeeni, katika kitabu cha kumbukumbu zake za Paris kilichotolewa 1964, baada ya kufa kwake. Humo msomaji anaambiwa kwamba hoteli iliwagharimu kiasi cha dola mbili kwa siku kwa watu wote watatu. Kwamba palikuwa na msichana wa kijijini aliyemlea mtoto wazazi walipokuwa mlimani. Kwamba hapakuwa na mtambo wa kumpandisha mtu, bali kila aliyetaka kuteleza kwa mbao alipanda kwanza kwa miguu yake, akiwa amefunga ngozi za sili chini ya mbao zake ili zisirudi nyuma. Anaambiwa pia habari za maporomoko ya theluji na watu waliofukiwa humo. Theluji ya Schruns, basi, ina bei, ina kazi, ina hatari, ina majina ya watu.

Hali ni hiyo hiyo katika kumbukumbu za Harry. Anapoukumbuka mji huo siku ya Noeli, anaona mng'ao wa theluji uliomwumiza macho, na papo hapo anawaona watu wakirejea nyumbani kutoka kanisani. Anaikumbuka njia iliyolainishwa na magari ya kuburutwa, na mbao zilivyolemea begani. Anamkumbuka Herr Lent, ambaye katika nyumba ya mlimani, dhoruba ilipowafungia ndani wiki nzima, alicheza karata mpaka akapoteza fedha zote. Ndivyo pia katika hadithi yake ya vijana wawili watelezao juu ya theluji huko Uswisi, iliyomo katika kitabu chake cha 1925. Vijana hao wanaingia katika nyumba ya wageni na kuhudumiwa na msichana wa pale. Kijana mmoja anaona, baada ya kumtazama, kwamba yule msichana ni mjamzito na hana pete. Ni maneno machache mno, lakini mtumishi huyo amekwisha kupewa maisha: ana jambo analolibeba, ana aibu, ana kesho yake. Nasi twasadiki kwamba baada ya wageni kuondoka yeye ataendelea kuishi.

Sasa na tumtazame Molo. Molo ni mtumishi wa kambi ya Harry. Anaitwa, anaitika, analeta kinywaji. Kiswahili cha hadithi hii ni cha kuamuru na kuitikia tu. Hatujui Molo alitoka wapi, wala kama ana mke, wala anawaza nini juu ya bwana anayeoza mguu mbele yake. Wenzake wanawasha mioto ya moshi ili ndege ione mahali pa kutua, kisha wanatoweka. Mwandishi aliyeweza kuliona tumbo la msichana wa Uswisi chini ya vazi lake la kazi hakuona kitu kwa Molo. Si kwamba jicho lake lilikuwa bovu; twajua kwamba lilikuwa kali. Ni kwamba hapa halikutumwa.

Na juu ya kambi, mlima. Katika dibaji fupi ya hadithi tunapewa urefu wake, tunapewa jina la Kimaasai la kilele cha magharibi, yaani Nyumba ya Mungu, na tunapewa mzoga wa chui uliokauka na kuganda karibu na kilele hicho. Chui huyo si wa kubuni tu: mzoga wa chui ulionwa juu ya Kibo na mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, mwaka 1926. Lakini wenyeji wa miteremko ile, Wachaga, hawatajwi hata kwa neno moja. Mlima una Mungu na una chui. Watu hauna.

Mtu aweza kujibu kwa haki kwamba lawama hii imepotea njia. Atasema: upweke huo ni wa Harry, si wa Hemingway, mtu afaye huona weupe tu, na hadithi ingeharibika kama mwandishi angesimama katikati yake kutueleza migomba ya Marangu. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali nusu. Sanaa ya hadithi hii inadai kilele kiwe kitupu. Lakini hebu tuihesabu akiba ya Harry, yale mambo asiyoyaandika. Wamo askari wa vita vya Ulaya, wamo maskini wa Paris, yumo babu na nyumba yake ya magogo, yumo kijana mpumbavu wa shamba la Marekani. Hapana hata mmoja aliye mwenyeji wa Afrika. Ajabu ni kwamba Harry mwenyewe anasema Afrika ndiko alikokuwa na furaha kuu katika siku zake njema, na kwamba amerudi huku ili aianze kazi yake upya. Mtu amefurahi katika nchi kuliko penginepo pote, naye anapojutia watu aliokosa kuwaandika, hakumbuki hata mtu mmoja wa nchi hiyo. Upungufu huu hauletwi na mauti. Ni wa mgeni ambaye katika hoteli ya Austria alikuwa mgeni wa watu, na katika nyika ya Tanganyika alikuwa mgeni wa wanyama.

Hemingway alifika Mombasa Desemba 1933. Makanisa yalikuwapo Kilimanjaro tangu miaka ya 1890. Kwa hiyo katika Noeli ya mwaka ule palikuwa na watu waliorejea nyumbani kutoka kanisani chini ya theluji ya Kibo, kama wale wa Schruns. Picha aliyoipenda hata akampa Harry aikumbuke wakati wa kufa ilikuwapo hapa pia, upande wa pili wa mlima. Haikupata mwandishi.

Msomaji wa Msimbazi hahitaji kuambiwa habari hizo. Desemba kwake ni mwezi wa nauli, wa mabasi yaliyojaa, wa watoto wazaliwa wa Dar es Salaam wapelekwao kuona kwao Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Huko si majira ya baridi kwa kalenda. Hata hivyo mtoto aliyezoea joto la Kariakoo huvikwa sweta. Familia hukaa siku kadhaa katika kihamba, penye migomba na kahawa, penye makaburi ya wazee, na mifereji ya asili iitwayo mifongo iliyochimbwa ili kuleta maji ya mito mashambani. Mbege hunywewa, mbuzi huchinjwa, ugomvi wa mwaka mzima hupatanishwa. Asubuhi, mawingu yakijitenga, Kibo huonekana. Mtu huinua macho, hutazama, kisha huendelea kumenya ndizi. Theluji yenye wenyeji ni hiyo: haina haja ya kuwa alama ya kitu kingine.

Jambo hili lina upande wa lugha. Atakayeitafsiri hadithi hii kwa Kiswahili atakutana na maneno mawili. Theluji ni neno la Kiarabu, na wengi wetu tumelipata katika vitabu vya dini kabla ya kukiona kitu chenyewe. Barafu ni neno la Kiajemi, ambalo kwao lina maana ya theluji, lakini Msimbazi ni kitu kinachouzwa kwa watoto wakati wa jua kali. Neno la kwanza liko juu mno, la pili liko karibu mno. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake aliuita weupe ule baridi. Wataalamu wa London walibishana miaka mingi kama theluji yaweza kuwapo karibu na mstari wa ikweta. Yule kiongozi hakubishana: alikipa kitu jina la kile kimfanyacho mtu. Mfasiri mwema angejifunza kwake.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili hakijawahi kujaribiwa na baridi. Miaka 40 kabla ya hadithi ya Hemingway, mwaka 1896, Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifuatana na bwana wake, Dr. Bumiller, katika safari ya Urusi na Siberia. Habari zake zilipigwa chapa Göttingen mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Selim alikuwa katika hali ya Molo: mtumishi wa Mzungu safarini. Lakini Molo huyu alishika kalamu. Katika nchi zile za baridi aliuliza watu wanaitwaje, wanakaaje, wanakula nini, wana dini gani. Hakuwa fundi wa mtindo kama Hemingway, na hapana haja ya kumsifu kupita kiasi. Ila katika jambo moja amemshinda: alikwenda katika theluji ya watu wengine, akaona kwamba ina wenyewe.

Lawama isiishie kwa mgeni. Nasi twapenda kuutaja mlima kama pambo tu, taji jeupe la taifa litazamwalo kutoka mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge wa uhuru juu ya kilele, na tendo hilo latajwa kila mara. Lakini wapagazi na wapishi wapandao na mizigo ya watalii mwaka baada ya mwaka wamepata kurasa chache mno katika fasihi yetu. Na muda si mwingi. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya kilele ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Siku itakapokwisha, maandishi yaliyosifu weupe peke yake yatakuwa yamepoteza somo lake. Yale yaliyoandika watu wa mlimani yatabaki na la kusema, kwa kuwa watu hao watakuwapo bado, na kila Desemba maduka ya Msimbazi yatafungwa kama kawaida.