Juu ya Kanuni ya Kujumlisha Vipeo

Mwanafunzi wa kidato cha pili, awe wa Bukoba au wa Muleba, akiulizwa a² × a³ ni nini, huenda akajibu upesi: a⁶. Wako wasemao kwamba mtoto wa namna hii ni mvivu. Sisi twaona kwamba kosa hili lina asili yake, na mara nyingi asili hiyo imo katika mafundisho yenyewe.

Kwanza, kanuni hutangulizwa na maana huachwa nyuma. Kipeo chaonyesha ni a ngapi zinazozidishwa pamoja. a² ni a × a. A³ ni a × a × a. Tukiziunga twahesabu a tano, basi jawabu ni a⁵. René Descartes alipochapisha La Géométrie mwaka 1637 aliandika vipeo juu ya herufi namna hii, nayo ni njia ya kufupisha maandishi. Mtoto aliyepewa ufupisho pasipo kuonyeshwa urefu wake atafahamu nini?

Pili, mfano wa kwanza huchaguliwa vibaya. Mwalimu akianza na a² × a² = a⁴, amejifunga mwenyewe, maana 2 kujumlisha 2 ni 4, na 2 mara 2 ni 4 vilevile. Aliyezidisha vipeo apata alama sawa na aliyejumlisha, naye huendelea na kosa lake huku akisifiwa. Tena kujaribu jawabu kwa kuweka 1 mahali pa a hakufai, kwa kuwa 1 haibadiliki kwa kipeo chochote. Na aweke 2: 4 × 8 ni 32, ndiyo 2⁵, bali 2⁶ ni 64.

Tatu, namba iliyo mbele ya herufi huchanganywa na ile iliyo juu yake. Tuchukue kibanja cha migomba chenye urefu wa 3a na upana wa 2a. Mtoto akikigawa katika miraba yenye upande wa a, ataona safu 2 za miraba 3, yaani 6a². Namba za mbele zimezidishwa. Vipeo, 1 na 1, vimejumlishwa. Na kama urefu ni a na upana ni b, eneo ni ab, wala hapana vipeo vya kujumlisha, kwa kuwa herufi ni mbali mbali.

Hatuikatai kanuni, ni chombo chema kiokoacho wakati. Lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaikariri kanuni kwa Kiingereza cha sekondari, akiisahau hana pa kurudia. Aliyezoea kuziandika herufi zote aweza kuijenga upya peke yake, hata katika chumba cha mtihani. Basi, walimu wenzetu, tuanze na a² × a³, tena kwa urefu wake, ndipo tufupishe.