Rachel Mwanza na Ufundi wa Kuigiza Bila Mswada

Rachel Mwanza, mwigizaji aliyepata tuzo ya Dubu wa Fedha ya tamasha la filamu la Berlin kabla hajatimiza miaka 16, alizaliwa mwaka 1997 Mbuji-Mayi. Mji huo wa almasi hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Lubumbashi. Reli ya Kasai na kazi za mgodini zimechanganya familia za Kasai na Katanga kwa vizazi. Familia yake ilipovunjika alipelekwa Kinshasa kwa bibi yake. Huko akanyooshewa kidole kuwa ni mchawi, akafukuzwa nyumbani, akaishi barabarani miaka kadhaa bila shule, pamoja na watoto ambao Kinshasa inawaita mashege.

Shutuma ya namna hiyo si ya kale kama wengi wanavyodhani. Wazee wa Kasai na Katanga waliwajua wachawi, lakini mchawi wao alikuwa mtu mzima, na mara nyingi mtu wa umri mkubwa. Watoto walianza kulaumiwa kwa wingi katika miaka ya 1990, mishahara ilipokatika na makanisa ya uamsho yakajaa kila mtaa, kila moja likitafuta chanzo cha umaskini ndani ya nyumba za waumini wake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto ikaongeza adhabu. Sheria hiyo ilipotoka, Rachel alikuwa bado mtoto.

Mwongozaji Kim Nguyen, mtu wa Quebec, alifika Kinshasa akitafuta msichana wa kumwigiza Komona katika filamu Rebelle. Komona anatekwa na waasi akiwa na miaka 12, analazimishwa kuwapiga risasi wazazi wake, kisha anaonekana kuwa na uwezo wa kuona mizimu msituni, na kamanda anamfanya mchawi wake wa vita. Nguyen alikuwa amelibeba wazo hilo kwa miaka mingi. Lilitokana na habari za mapacha Johnny na Luther Htoo, watoto walioongoza waasi huko Burma, wala halikumhusu mtoto yeyote wa Kinshasa. Hata hivyo, aliyechaguliwa alikuwa msichana aliyejua neno mchawi linavyomwangukia mtoto.

Ufundi wake unastahili kuelezwa polepole, maana sifa nyingi alizopewa ziliishia kwenye huruma, kana kwamba taabu ya barabarani peke yake inamfanya mtu kuwa mwigizaji. Barabara zimejaa taabu, na waigizaji wa kiwango hicho hawazidi wachache. Filamu ilipigwa picha Kinshasa mwaka 2011, kwa kufuata mfuatano wa hadithi yenyewe, na waigizaji hawakupewa mswada mapema. Mwigizaji aliingia katika kila tukio bila kujua lijalo, kama Komona mwenyewe asivyojua kesho kamanda atampeleka wapi. Utaratibu huo unamsaidia mtu asiye na mafunzo, lakini unamnyang'anya kinga zote: hawezi kupima nguvu zake, hawezi kujiwekea machozi ya mwisho, hana sentensi ya kukariri na kujifichia.

Mwanza alilijibu jambo hilo kwa kufanya kidogo. Uso wake hautangazi hisia, unasikiliza. Mizimu inapotokea, watu waliopakwa rangi nyeupe mwili mzima wakisimama kimya kati ya miti, yeye hashtuki kama wanavyoshtuka waigizaji wa maigizo ya televisheni, kwa mikono kichwani na macho kutoka nje. Anatazama tu, muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na mtazamaji anaamini kwamba kuna mtu pale. Sauti yake, inayosimulia hadithi yote kwa mtoto aliye tumboni mwake, haina kilio wala kuomba. Kisha kuna jogoo mweupe. Kijana zeruzeru aitwaye Magicien, aliyeigizwa na Serge Kanyinda, anataka kumwoa Komona, naye anamwambia amletee kwanza jogoo mweupe. Kijana anazunguka vijiji kumtafuta, huku watu wakimcheka. Katikati ya filamu ya damu, sehemu hiyo inamrudisha Komona kuwa msichana anayechumbiwa, na Mwanza anaigeuza hali bila kuonyesha mahali alipogeuzia. Mwigizaji aliyezoea jukwaa miaka ishirini angejivunia kipande hicho.

Kuigiza bila maandishi si jambo geni Kongo, na Lubumbashi inalijua zaidi ya miji mingi. Kabla ya uhuru komini ya Kenya, mjini humo, ilikuwa na Jecoke, kikundi cha vijana wachekeshaji ambamo Edouard Masengo aliimba kabla ya kwenda Nairobi. Baadaye jina lililotawala lilikuwa la Mufwankolo, yaani Odilon Kyembe Kaswili, pamoja na kikundi chake kilichoigiza kwa Kiswahili cha mji, redioni na kwenye televisheni. Hawakuandika mchezo. Walikaa, wakabishana juu ya kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakarekebishana, kisha kila mmoja akaingia akijua mwisho wa kisa bila kujua maneno ya mwenzake. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya usemi unaofananisha mamlaka na chakula kinacholiwa kizima, na jibu lao likawa mchezo mzima.

Tofauti kati ya njia hiyo na ile ya Rebelle ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika kikundi cha Mufwankolo, aliyekosea neno aliokolewa palepale na mwenzake. Bibi Kawa, mke wa Mufwankolo jukwaani, hakuachwa peke yake na ukimya. Mgeni aliingia akiwa chini ya macho ya wakubwa, akapewa nafasi ndogo, akasahihishwa. Dar es Salaam nako mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alianza utotoni katika kikundi cha maigizo cha Kaole. Rachel Mwanza hakupitia kikundi chochote cha namna hiyo. Alipewa nafasi kuu ya filamu yake kubwa ya kwanza, na kikundi chake kikavunjika siku kamera zilipofungwa masandukuni, maana ndivyo kazi ya filamu inavyokwenda.

Februari 2012 majaji wa Berlin walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Aprili mwaka huo akapata nyingine kama hiyo katika tamasha la Tribeca, New York, na mwaka 2013 akapewa tuzo ya Kanada. Mwaka huohuo Rebelle ilikuwa miongoni mwa filamu tano zilizowania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na ikashindwa na Amour ya Michael Haneke. Alionekana pia katika Kinshasa Kids ya Marc-Henri Wajnberg, kuhusu watoto wa barabarani wanaounda bendi. Watayarishaji wa Rebelle walimlipia shule na makazi, jambo la kuheshimiwa, kwa kuwa wengi hupiga picha za mtoto na kuondoka. Baadaye alihamia Montreal, na mwaka 2014 akatoa kitabu cha maisha yake, Survivre pour voir ce jour.

Nafasi nyingine ya ukubwa wa Komona haikumfuata, na sababu haiko katika kipaji chake. Kongo ilimpongeza bila kuwa na kazi ya kumpa. Kumbi za sinema zilikuwa zimefungwa au zimegeuzwa makanisa, ya aina ileile ambamo watoto hutolewa mapepo. Mjini Lubumbashi, jengo lililojengwa enzi za ukoloni kuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, Jengo la Juni 30, likawa mahali pa wabunge wa jimbo. Hotuba zinasemwa pale, na kuigiza kumehamia kwingine. Kampala angalau ina Maisha, shule ya filamu aliyoianzisha Mira Nair mwaka 2004. Mtoto wa Lubumbashi anayetaka kuigiza leo hupiga vichekesho vya dakika mbili kwa simu, peke yake, na hakuna mkubwa wa kumwambia kwamba amepaza sauti mno au amecheka kabla ya wakati. Atakaye kujua kikundi cha Mufwankolo kilivyofundishana, neno kwa neno, katika mazoezi ya 1986, hana budi kutafuta kitabu cha Fabian, Power and Performance, kilichochapishwa Wisconsin mwaka 1990.