John Newton: Wimbo Wake na Ungamo Lake

Wahubiri wengi wanapoueleza wimbo wa neema ya ajabu husema kwamba John Newton aliokolewa katika tufani ya mwaka 1748, akaiacha biashara ya watumwa, kisha akatunga wimbo wa shukrani. Sivyo ilivyokuwa. Baada ya tufani ile aliongoza merikebu za watumwa tangu 1750 hata 1754, huku akisali na kusoma Biblia. Na kilichomtoa baharini ni ugonjwa, wala si dhamiri. Wimbo ulitumika kwanza Olney, Mwaka Mpya wa 1773.

Shukrani iliyomo twaiona kuwa ya kweli, lakini dhambi haitajwi kwa jina lake. Mwimbaji ni mwenye dhambi kama sisi sote, na labda ndiyo sababu twauimba kwa wepesi. Ungamo lenyewe lilikuja 1788, katika kijitabu juu ya biashara ya watumwa wa Afrika. Humo Newton asimulia aliyoyaona merikebuni, ajitwika aibu hadharani, na kukiri kwamba ungamo lake limechelewa mno kuwafaa walioteswa. Kwetu sisi, watoto wa bara walikotekwa watu hao, kijitabu hicho kina uzito kuliko wimbo.

Katekisimo Ndogo ya Luther hutuagiza kujipima kwa Amri Kumi katika wito wetu wenyewe: baba, mama, bwana, mtumishi. Nahodha naye yumo. Hatusemi wimbo uondolewe vitabuni. Twaamini Newton alisamehewa kabla hajayajua yote aliyosamehewa. Twaomba tu kwamba mchungaji atakayeuhubiri asiiruke ile miaka 34.